"Ni Ukucha Tu": Neno Linaloweza Kugharimu Kidole



Hapa Ndundu na katika vijiji vya bonde la Rufiji, mkulima wa mpunga hushinda na miguu majini. Ukucha wa kidole gumba cha mguu ukizama nyamani, kidole huvimba na kutunga usaha. Wengi wetu huomba jambo moja tu: "Ung'oeni, nirudi shamba. Ni ukucha tu." Sisi tunasema haraka hiyo ina hatari. Operesheni ya ukucha ni ndogo, lakini ni operesheni.

Kwanza, si kila ukucha unahitaji kisu. Uliozama kidogo mara nyingi hupona kwa kuloweka mguu katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, kuukausha vizuri na kuacha viatu vya kubana. Tena, kung'oa ukucha wote si lazima kumalize tatizo. Shina lake hubaki, na ukucha mpya waweza kuzama tena, au kuota mnene na uliopinda. Kwa hiyo wataalamu wengi hukata upande uliozama tu, kisha huunguza shina la upande huo kwa dawa.

Pili, tujue madhara. Damu yaweza kutoka nyingi. Vijidudu vikiingia vyaweza kufika hadi kwenye mfupa. Mpira unaofungwa kidoleni kuzuia damu ukisahauliwa, kidole chaweza kufa. Na anayekatwa nyumbani kwa wembe hujiweka pia katika hatari ya pepopunda.

Mwenye kisukari ajihadhari zaidi. Kidonda chake huchelewa kupona, na pengine hasikii maumivu. Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake, katika mradi wao wa Step by Step, waliwafundisha wahudumu wa afya nchini kutunza miguu ya wagonjwa hao, kwa kuwa kidonda kidogo chaweza kuishia kwa kukatwa mguu.

Basi, kabla ya kukatwa, mwambie mganga kama una kisukari, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama dawa yoyote imewahi kukudhuru. Uliza pia habari za chanjo ya pepopunda. Baada ya kukatwa, inua mguu, weka kidonda kikavu na safi, wala usikanyage tope mpaka kipone. Maumivu yakizidi, usaha ukitoka, ukipata homa, au kidole kikiwa cheusi au baridi, rudi siku hiyo hiyo.

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tulivuka mto hapa kwa pantoni, na wengi walichelewa kupata matibabu. Leo daraja lipo, lakini mgonjwa bado anarudi matopeni na kidonda kibichi, kwa sababu hakuna wa kumwamia ndege shambani.

Hapo ndipo jumuiya zetu ndogo ndogo zinapohusika. Mt. Paulo alitufananisha na viungo vya mwili mmoja. Tukimpeleka mgonjwa sala tu, huku mpunga wake ukiliwa na ndege, hatujamsaidia. Tumshikie jembe mpaka kidole kipone.