Gari Linalogonga Mbele: Lipimwe Kwanza, Spea Baadaye



Barua tuliyoichagua wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa Mbagala, mwenye Toyota IST analolitumia kuwapeleka watoto madrasa na kufuata bidhaa za duka lake Kariakoo. Anasema gari linagonga mbele, "ko, ko, ko", kila linapopita barabara ya vumbi yenye vishimo vidogo vidogo. Lakini likipanda tuta kwa magurudumu yote mawili kwa pamoja, huwa kimya. Amekwisha kubadilishiwa shokapu mbili, kisha bushi, kisha zile shokapu mpya zikafunguliwa na kufungwa tena. Mlio uko pale pale. Sasa gereji inamtaka anunue raki ya usukani. Mama anauliza maswali mawili: je, ainunue raki hiyo? Na kama hana uwezo, je, aliuze gari kabla halijammalizia mtaji wa duka?

Swali la kwanza tunalijibu moja kwa moja: asinunue kitu mpaka aonyeshwe kwa macho, na ikiwezekana akiguse kwa mkono, kile kinachocheza. La pili lina hukumu yake, na tutalifikia insha Allah.

Sikio la dereva ni shahidi dhaifu. Bodi ya gari ni chuma kilichoungana toka mbele hadi nyuma, na mlio husafiri ndani yake kama maji ndani ya bomba. Kilicholegea kushoto husikika kama kiko miguuni pa dereva, kulia. Jeki iliyochomoka mahali pake kwenye buti husikika kama maradhi ya springi. Kwa hiyo kabla ya kwenda gereji, gari litolewe kila kinachoweza kugonga: jeki, spana ya magurudumu, chupa zilizoviringika chini ya viti. Kisha nati za magurudumu zikazwe. Hatusemi haya kwa mzaha. Gurudumu lililolegea nati hugonga vilevile, na hatari yake yatosha kuwa jambo la kwanza kutazamwa.

Baada ya hapo huja maswali. Tabibu hakuandikii dawa kwa kusikia tu kwamba una homa. Hukuuliza inakuja saa ngapi na inaondoka vipi. Gari nalo liulizwe linagonga lini. Likigonga pale unapokanyaga breki au unapoondoka, watuhumiwa ni bushi za mkono wa chini, ule ambao mafundi huuita kontro amu, au pedi za breki zinazocheza ndani ya kalipa. Kutenganisha haya mawili ni rahisi: ukiwa kwenye barabara mbovu na mlio unaendelea, gusa pedali ya breki kidogo tu, bila kulisimamisha gari. Mlio ukikatika hapo hapo, anza na breki. Likigonga "du!" mara moja unapoingiza gia ya D au R ukiwa umesimama, tazama mauntingi za injini, wala usiziguse shokapu. Ukisikia "ta-ta-ta" ya haraka unapokata kona kali huku ukikanyaga mafuta, hiyo ni sivi jointi ya ekseli. Na usukani ukizungushwa gari limesimama, springi ikaruka kwa mlio kama waya uliovutwa ukaachiwa, tatizo limekaa juu ya shokapu, kwenye mauntingi yake au beringi ya hapo.

Katika barua ya mama yetu, neno lenye thamani kuliko yote ni lile alilolitaja kwa kupitia tu: kwamba kwenye tuta gari hunyamaza. Chini ya gari dogo kama lake kuna fimbo ya chuma inayovuka toka upande wa gurudumu moja hadi wa pili, iitwayo stebilaiza. Kazi yake ni kulizuia gari lisilale sana kwenye kona. Kila ncha ya fimbo hiyo imeunganishwa na shokapu kwa kijiti kifupi chenye vichwa vya duara vinavyozunguka, nacho huitwa linki. Magurudumu mawili yakipanda pamoja, fimbo huzunguka mahali pake bila kujipinda, na linki hazina mzigo mkubwa. Gurudumu moja likiingia shimoni na jingine likabaki juu, fimbo hujipinda, na linki iliyolika hugonga kila mara mpindo unapogeuka. Ndiyo maana hupiga kelele kwenye vishimo na kutulia kwenye tuta.

Lakini linki ina hila yake. Fundi akiinua gurudumu moja tu kwa jeki, fimbo hujipinda, linki hubanwa, na hata iliyokwisha kabisa huonekana imara. Huenda ndivyo ilivyopita bila kuonekana huko gereji. Ipimwe magurudumu yote yakiwa chini na injini imezimwa, au magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa yameinuliwa kwa kimo kimoja. Mtu mmoja alitikise gari toka ubavuni, mwingine aishike linki kwa vidole. Kama imelika, vidole vitahisi kigongo kidogo ndani ya kichwa chake kabla sikio halijasikia kitu. Lipo na jaribio la pili, ambalo halihitaji kununua chochote: linki zote mbili zifunguliwe, zifungwe kwa waya zisiguse tairi wala ekseli, kisha gari lipitishwe polepole mita mia mbili hivi kwenye ile ile barabara ya vishimo. Mlio ukiondoka, umepatikana. Jaribio hilo lisifanywe barabara kuu, kwani gari bila stebilaiza hulala kwenye kona.

Linki zikionekana nzima, tungependa mama aende juu, kwa sababu shokapu zake zimefunguliwa mara mbili. Ule mpango wa shokapu na springi kuwa mguu mmoja unaoshika bodi kwa juu ulibuniwa na mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940, na magari madogo mengi ya barabara zetu yanaufuata. Mguu huo unashikwa juu na mauntingi ya mpira na nati moja ya katikati. Boneti ifunguliwe (katika baadhi ya magari nati hiyo imefichwa na plastiki chini ya waipa), kiganja kiwekwe juu yake, na mtu alisukume gari chini na kuliachia. Nati isiyokazwa sawasawa, au mauntingi iliyochoka ikarudishwa juu ya shokapu mpya, hugonga hata kama shokapu zenyewe zimetoka dukani jana. Ni jambo la kawaida mno, na husahaulika kwa sababu kila mtu anaamini kwamba kilichobadilishwa hakiwezi kuwa na kasoro.

Wasomaji wanaikumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) sokoni, iliyosimuliwa na Abu Hurayra (r.a.) na kupokewa na Imam Muslim. Alipita penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu ambao juu haukuonekana. Mwenye mali akasema ni mvua iliyokinyeshea. Akaulizwa kwa nini hakuuweka juu ili watu wauone. Habari hii husomwa kwa ajili ya muuzaji, na ndivyo ipasavyo. Lakini tuutazame pia ule mkono, ambao haukutosheka na uso wa rundo.

Basi gari liinuliwe, na hapa tunasema kwa msisitizo. Jeki ni ya kuinulia. Likishainuka likalishwe juu ya stendi za chuma, siyo matofali, ndipo mtu aingie chini. Vijana wa gereji wanaolala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake wanahatarisha roho waliyopewa kama amana, na mwenye gari anayetazama akanyamaza ana fungu lake.

Gurudumu lishikwe kwa mikono miwili, kushoto na kulia kwake, lisukumwe na kuvutwa. Likicheza, tazama tairodi endi, kisha kiungo chake cha ndani, raki endi. Hapo ndipo, wala si kabla, mtu anapoweza kuanza kuizungumzia raki yenyewe. Halafu lishikwe juu na chini. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki: kucheza kukiisha, ni beringi ya gurudumu, kukibaki, ni boli jointi au kiungo kingine cha mguu huo. Boli jointi ya chini ithibitishwe kwa mtaimbo, ukiingizwa kati ya mkono wa chini na kitovu cha gurudumu na kubinywa taratibu. Katika magari ambayo springi imekalia mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono huo; vinginevyo springi huibana boli jointi na kuificha, kama jeki ya upande mmoja inavyoificha linki.

Boli jointi haicheleweshwi. Mpira wake ukichanika, grisi hutoka, mchanga na maji huingia, na kichwa cha chuma huanza kulika ndani ya kikombe chake. Siku kikichomoka, gurudumu hulala chini ya gari na usukani hauliongozi tena. Linki iliyolika ni kero, na waweza kusubiri mwisho wa mwezi. Boli jointi inayocheza isirudi barabarani, hata kama safari ni ya madrasa ya mtaa wa pili.

Kitu kimoja kuhusu bushi, kwa kuwa mama amekwisha kuzilipia. Bushi nyingi za mkono wa chini zimeshikamana na chuma cha ndani na cha nje, na mpira wake hufanya kazi kwa kujipinda. Boliti zake zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira hubaki umejipinda daima gari linaposhuka, na huchanika mapema. Kukaza kwa mwisho kufanywe gari likiwa limebeba uzito wake. Fundi anayelijua hili atakuheshimu ukimwuliza. Asiyelijua atakasirika, na hasira hiyo nayo ni jibu.

Tukifika kwenye fedha, tuseme lisilopendwa na wenye magari. Kwetu sisi hatumlipi fundi kwa kupima. Tunamlipa akifunga spea, na tukiambiwa "tatizo ni nati tu, nimeikaza", tunampa ahsante na mia tano ya soda. Mtu ambaye riziki yake inaingia kwa kufunga vitu pekee, tumshangae kwa nini kila ugonjwa anauona ni wa kufungwa kitu kipya? Haimtoi katika dhima: kumwambia mwenye gari "ni raki" bila kuigusa ni kusema asilolijua na kula mali ya mtu kwa dhana. Lakini sisi ndio tuliompangia biashara hiyo. Mwambie tangu mwanzo: nakupa ujira kadhaa kwa kupima na kunionyesha, ikiwa utapata kitu au hukupata, kufunga ni hesabu nyingine. Ujira utajwe kabla ya kazi, kama ilivyo adabu ya ijara. Na spea zilizofunguliwa ni zako, uzidai, uzitikise mkononi. Linki mbovu hulegea kama jino la mtoto. Iliyo nzima hukataa kuzunguka kwa wepesi. Katika gharama alizoziorodhesha mama yetu, ujira wa kupima haumo hata mara moja.

Swali la pili, la kuuza. Kuuza gari linalogonga ni halali. Kulificha ndiko kusikofaa. Kasoro iliyokuwapo kabla ya mauzo, inayopunguza thamani, na ambayo mnunuzi hakuijua, humpa haki ya kukirudisha alichonunua. Ndiyo inayoitwa khiyaarul-'ayb. Wala maneno "nakuuzia kama lilivyo" si pazia la kila kitu. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti la kujitoa katika kasoro humwokoa muuzaji kwa aibu ya ndani ya mnyama, ambayo mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama, na anayelisikia likigonga kila asubuhi hawezi kusema hakujua. Kupuliza oili kwenye bushi siku ya kuja mnunuzi, ili linyamaze kwa nusu saa ya majaribio, ndiyo ile nafaka kavu iliyowekwa juu ya rundo. Tena oili hiyo huulainisha mpira na kuuharibu zaidi.

Kwa hiyo kama mama ataamua kuuza, alipeleke gari likapimwe kwanza, halafu katika hati ya mauziano, chini ya bei na namba ya usajili, aongeze mstari mmoja kwa maneno ya kawaida: "Linki ya stebilaiza upande wa kushoto imelika, mnunuzi ameonyeshwa." Au kama hakikupatikana kitu: "Gari linagonga mbele kwenye barabara mbovu, chanzo hakijajulikana, mnunuzi amelisikia." Wote wawili watie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala yake.

Wabillahi tawfiq.