MIZANI ISISHIKWE NA MWENYE DUKA PEKE YAKE

Ndugu wafanyakazi,

Ukinunua nyama Gikomba hukubali mwuzaji akupimie huku mizani ameificha chini ya meza. Basi kwa nini tukubali hivyo katika mambo ya hospitali, ambako nyama inayokatwa ni yetu wenyewe?

Siku hizi roboti za upasuaji zasifiwa sana. Mashine hii haimpasui mtu kwa akili yake. Daktari huketi akatazama kioo, akaiongoza mikono ya chuma kupitia matundu madogo mwilini. Mwaka 2025 daktari aliyekuwa Florida, Marekani, alimpasua hivyo mgonjwa aliyelazwa Luanda, Angola. Ni kazi ya ajabu, wala hatuibezi. Lakini mashine moja huweza kufika dola milioni 2, na juu yake kuna ada ya matengenezo kila mwaka, na vyombo vinavyotumika mara chache vikatupwa. Twauliza: faida yake itapimwa kwa kipimo gani, na kitakubaliwa na nani?

Wauzaji wana jibu tayari: kidonda ni kidogo, damu haimwagiki sana, mgonjwa hutoka upesi. Mara nyingi ni kweli, lakini si ukweli wote. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi. Baada ya miaka 4 na nusu, katika kila 100 waliopasuliwa kwa njia ya zamani, 96 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Waliopasuliwa kwa matundu madogo, wengine wao kwa roboti, walikuwa 86. Aliyepima wiki ya kwanza tu angesema matundu madogo yameshinda.

Wala hatufichi lililo jema. Katika uchunguzi wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022, wagonjwa wa saratani ya kibofu walihesabiwa siku walizokuwa hai nje ya hospitali katika siku 90. Wa roboti walipata 82, wa kisu 80. Hicho ni kipimo tunachokielewa, maana kibarua aliyelala kitandani hana posho. Siku 2 ni kitu. Lakini ni kitu cha bei gani, na nani alipe?

Hapa Kenya tumekwisha onja. Mwaka 2015 Serikali ilikodi mitambo ya hospitali kwa kaunti zote 47. Kila kaunti ilianza kutozwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye ikawa milioni 200. Mwaka 2020 kamati ya Seneti ilionyesha kwamba mitambo mingine ilikaa bure kwa kukosa umeme, maji au wataalamu. Mitambo ilihesabiwa ilipofika. Wagonjwa waliopona hawakuhesabiwa kwanza.

Tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii. Hilo ni jasho letu. Nao madaktari waligoma siku 100 mwaka 2016 hadi 2017, na siku 56 mwaka 2024, wakidai mapatano yatimizwe. Mkataba wa mashine huheshimiwa. Mkataba wa mtu huambiwa fedha hakuna!

Watasema twapinga maendeleo. Hapana. Twapinga kununua gizani. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet yenyewe iliweka umaskini uletwao na gharama za upasuaji miongoni mwa mambo ya kupimwa. Basi twadai, kabla ya mashine yo yote kununuliwa kwa fedha yetu, vipimo vikubaliwe mezani, wauguzi, wahudumu wa thieta na wawakilishi wa wagonjwa wakiwapo:

1. Wangapi wamekufa, na wangapi wamerudiwa na ugonjwa baada ya miaka 5?
2. Mgonjwa alirudi kazini baada ya siku ngapi?
3. Alitoa kiasi gani mfukoni, na je, aliuza mali au kukopa?
4. Mashine ilikaa siku ngapi bila kazi?
5. Kwa fedha ile ile, akina mama wangapi wa hapa Pumwani wangalipasuliwa kwa wakati?

Majibu yabandikwe ukutani kila mwaka, kwa lugha tunayoisoma.

Ndugu, mlete jambo hili katika mkutano wa tawi lenu. Asiyekuwapo wakati wa kupima asilalamike wakati wa kulipa.

Umoja ni nguvu!