Oili Nzito Si Dawa ya Kelele za Asubuhi

Aliyewashauri madereva wa Probox kati ya Migori na Homa Bay watie oili nzito ya 20W-50 ili injini inyamaze asubuhi amewapotosha. Injini ya 1NZ-FE, ya lita 1.5, iliyo katika Probox nyingi, hutumia cheni ya taimingi, na kikaza cheni husukumwa na presha ya oili. Usiku oili hushuka chini. Ukiwasha, cheni hugonga mpaka presha irudi. Oili nzito hupanda polepole, basi vyuma husagana kwa muda mrefu zaidi.

Fundi makini hupima kwanza kiwango cha oili. Kisha hubadilisha filta, kwani filta duni, isiyo na vali ya kuzuia oili kurudi, huacha njia zikiwa kavu. Kelele ikibaki upande wa cheni, hukagua cheni, kikaza na gia ya VVT-i, inayorekebisha taimingi ya vali. Ikisikika kwenye ekzosi na kutoweka injini ikipata moto, hukagua gasketi ya ekzosi.

Cheni iliyolegea huweza kuruka meno na kuvuruga vali. Ndugu madereva, tengenezeni chanzo. Msiizibe kelele ambayo ni onyo.