Kesi Haichomi Nyumba

Ijumaa ya tarehe 1 Septemba 2017, mida ya saa 5 asubuhi, nilikuwa Sirari, kwenye mgahawa ulio hatua chache tu kutoka mpakani. Televisheni ilikuwa juu ya friji la soda, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Chai ilishamiminwa lakini hakuna aliyeinywa. Jaji Mkuu wa Kenya, David Maraga, akasoma kwa ile sauti yake ya taratibu: uchaguzi wa rais wa Agosti 8 haukufanyika kwa mujibu wa Katiba, matokeo yamefutwa, uchaguzi urudiwe ndani ya siku 60.

Kimya. Kisha mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akaweka kikombe chini, akamgeukia kijana wa bodaboda: "Mura, sasa hao watauana." Kijana akaitikia: "Kweli, tata. Sisi tuna bahati, kwetu mambo hayo hayapo." Tukatikisa vichwa kukubali, na mimi nikiwemo.

Tangu siku ile maneno hayo nimeyasikia sokoni Tarime, nimeyasikia Mugumu, nimeyasikia ndani ya basi la Musoma. Kwamba kumruhusu mtu kupinga ushindi wa rais mahakamani ni kuita damu. Kwamba Katiba yetu ilifanya busara kufunga mlango huo. Na mtu akijaribu kuhoji, anapigwa na msemo ambao kila mgombea aliyeshindwa nchi hii ameshaambiwa: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nasema imani hiyo ni ya uongo, na imetugharimu.

Tuanze na hao Wakenya tuliowasikitikia. Sisi wa mpakani hatuna haja ya kusimuliwa habari zao. Wakurya wa Kehancha, upande wa Kenya, na Wakurya wa Sirari ni ndugu, tunaoana, tunazikana. Tarehe 30 Desemba 2007 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi na kuapishwa jioni hiyohiyo. Upande wa mpinzani wake, Raila Odinga, ukasema hauendi mahakamani, kwa kuwa mahakama zenyewe hawaziamini. Madai yakabaki bila mahali pa kupelekwa, yakaenda barabarani. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na waliofukuzwa makwao walipita laki sita. Hakuna jaji aliyekuwa amesoma hukumu yoyote. Damu ile ilimwagika pale ambapo kesi haikuwepo.

Baada ya hapo wakaandika Katiba ya 2010. Asiyeridhika ana siku 7 za kufungua kesi Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku 14 za kuamua. Sasa fuata tarehe za 2017, kwa sababu ndani yake ndimo hoja ya mzee wa Sirari inapoanguka. Agosti 11 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi. Usiku huo na siku zilizofuata watu waliuawa Kisumu na Nairobi, akiwemo mtoto wa miezi sita aliyepigwa na polisi nyumbani kwao. Agosti 16 Raila akatangaza kwamba anakwenda mahakamani, na Agosti 18 kesi ikafunguliwa. Mitaa ikatulia. Watu waliokuwa wakichoma matairi wakarudi ndani kusikiliza mawakili wakibishana juu ya fomu za matokeo, 34A na 34B. Na majaji walipoamua, wanne kwa wawili, rais aliyekuwa madarakani alisimama siku hiyohiyo akasema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu. Baadaye aliwaita majaji wakora, na lilikuwa jambo la aibu. Lakini hakuthubutu kuvunja amri yao.

Najua nitakachojibiwa: Oktoba watu walikufa tena. Ni kweli. Walikufa kwa sababu tume iliyokataa kuifungulia mahakama seva zake ndiyo iliyoachiwa kuendesha uchaguzi wa marudio, Raila akajitoa, na uchaguzi ukawa wa upande mmoja. Atakayemlaumu Maraga kwa hilo atuambie pia kama daktari aliyetaja ugonjwa ndiye aliyeuleta.

(Nimtaje Maraga kidogo zaidi. Ni Mgusii wa Nyamira, lugha yake na yetu zinasikilizana, tena ni Msabato aliyeiambia wazi kamati iliyomsaili kwamba Jumamosi haketi kusikiliza kesi. Mkoa wa Mara umejaa Wasabato. Nawajua wazee wa kanisa Tarime waliokuwa wakimwombea wiki ile nzima. Ndiyo maana nashangaa: tulimpenda mtu, tukaiogopa kazi yake.)

Mwaka 2022 mchezo ulikuwa uleule. Septemba 5 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Martha Koome ikasema kwa kauli moja kwamba William Ruto ameshinda. Raila akasema hakubaliani na hukumu hiyo hata kidogo, ila anaiheshimu. Jumatatu ile bodaboda wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, walibeba abiria kama kawaida. Malawi nako majaji watano walifuta uchaguzi wa rais Februari 2020, ukarudiwa Juni, Lazarus Chakwera akashinda, na aliyeshindwa akaondoka Ikulu.

Turudi kwetu. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kwamba Tume ikishamtangaza mgombea kuwa rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mwenyekiti wa kitongoji pale Nyamwaga akishinda kwa hila, jirani yake anakwenda Mahakama ya Wilaya. Diwani anashitakiwa kwa Hakimu Mkazi. Mbunge anapelekwa Mahakama Kuu. Ukifika kwa rais, mwenye jeshi, mwenye hazina, mwenye kuteua majaji, ngazi inakatika.

Na kesi hizo za chini zimetuchomea nini? Watu wa Serengeti wanaikumbuka ya majirani zao wa Bunda. Mwaka 2015 Ester Bulaya wa Chadema alimshinda Stephen Wasira, mtu aliyekuwa waziri kwa miaka mingi. Wapiga kura wanne wakafungua kesi. Ikatupwa, wakakata rufaa, ikarudishwa isikilizwe, ikasikilizwa, na mwishoni mwa 2016 Bulaya akabaki na ubunge wake. Bunda ilikuwa na joto la siasa kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Mwaka mzima wa kesi, na watu waliendelea kuuza dagaa na pamba.

Sisi wa Mara tena si wageni wa mahakama kubwa. Watu wa Nyamongo waliojeruhiwa na waliofiwa kwenye mgodi wa North Mara walifungua madai London mwaka 2013, na 2015 kampuni ikamalizana nao. Barabara ya lami ya kutoka Mugumu kukatiza hifadhi ya Serengeti hadi Loliondo ilipelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na Juni 2014 majaji wakaizuia Serikali. Watu wa Mugumu waliumia, maana barabara walikuwa wanaihitaji, na mimi niliumia pamoja nao. Lakini hakuna kijiji kilichoingia vitani na Arusha. Mkulima wa Nyamongo anasikilizwa Uingereza juu ya mgodi. Barabara inasikilizwa na majaji wa Afrika Mashariki. Kura ya mkulima huyohuyo kwa rais wake haina hakimu popote chini ya bendera yake.

Hapo wapo wanaosema: sisi ni watu wa hasira, Wakurya hasa, tukipewa kesi ya urais tutashika mapanga. Ningependa aliyesema hivyo aje akae kwenye ritongo, baraza letu la kimila. Nimewahi kukaa, kesi ya ng'ombe watatu. Ilianza asubuhi umande haujakauka. Mwenye ng'ombe akaeleza alama ya sikio, upande gani umekatwa na nani alikata. Mtuhumiwa akasimama, akasema alinunua mnadani, akataja aliyemuuzia. Aliyemuuzia akaitwa. Wakasema wote, na aliyeinuka kabla ya zamu yake alirudishwa kukaa. Jua likageuka, wazee wakaamua, na mtuhumiwa akashindwa. Alikwenda kwake amenuna, mkewe nyuma yake. Lakini alikuwa amesema mpaka maneno yakamwishia, mbele ya watu wote wanaomjua. Ng'ombe wakarudi kwa mwenyewe na zizi la mtu halikuguswa.

Nyumba zilizochomwa Tarime nazijua pia. Zilichomwa katika mapigano ya koo, ya Wanchari na Walyanchoka kwa mfano, kwa mipaka ya ardhi ambayo kila upande uliona umedhulumiwa na hauna wa kumlalamikia anayemwamini. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kumnyima mtu pa kusemea ndiko kunakoleta amani, namuuliza kama kweli amekulia hapa.

Wazanzibari walilijua hilo mapema kuliko sisi. Katiba yao nayo imefunga mlango huohuo wa mahakama. Januari 2001 waliokataa matokeo ya uchaguzi wa 2000 waliandamana, wakapigwa risasi, wakafa zaidi ya 30, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Watanzania wakawa wakimbizi. Na Oktoba 28, 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza peke yake kufuta uchaguzi mzima. Hapakuwa na shahidi aliyehojiwa wala wakili aliyesimama, na hapakuwa na pa kukata rufaa. Marudio ya Machi 20, 2016 yalisusiwa. Kwa hiyo kufuta uchaguzi wa rais si ugeni kwetu hata kidogo. Kigeni kwetu ni kuufuta kwa ushahidi, mbele ya majaji, sababu zikasomwa hadharani.

Sasa ule msemo. Asiyekubali kushindwa si mshindani: sawa, lakini unaanzia pale ambapo kushindwa kumeshathibitika. Mtu anaposema hakushindwa, ameibiwa, kumjibu kwa msemo huo ni kumhukumu kabla hajafungua mdomo. Raila aliiheshimu hukumu iliyomshinda mara mbili, 2013 na 2022. Aliiheshimu kwa sababu alisikilizwa.

Wala si mimi niliyeligundua hili. Tume ya Jaji Joseph Warioba, mzaliwa wa Bunda, ilizunguka nchi ikakusanya maoni ya wananchi, na rasimu yake ya 2013 ikaruhusu matokeo ya urais kupingwa Mahakama ya Juu. Bunge Maalumu la Katiba, ambalo liliifyeka rasimu ile sehemu nyingi, hilo lililiacha kwenye Katiba Inayopendekezwa ya 2014. Kisha ikaja kesi ya wakili Jebra Kambole. Tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema ibara ya 41(7) inavunja Mkataba wa Afrika na kuitaka Tanzania iirekebishe. Mahakama ile iko kwenye ardhi yetu, ng'ambo ya hifadhi ukitokea Mugumu. Uchaguzi wa 2020 ukapita, ibara iko palepale. Mwaka 2024 sheria za uchaguzi zikaandikwa upya, ibara iko palepale. Na sisi wananchi tulipokea hukumu hiyo kwa ukimya ambao hatukuupa hata ushindi wa Simba. Nilipoitaja Tarime wiki ile, mtu wa kwanza aliniuliza kama Kambole anatafuta ubunge.

Kisha ikafika Oktoba 29, 2025. Mgombea wa Chadema hakuwepo, kiongozi wao Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Siku ya kura watu wakaingia barabarani Dar es Salaam na miji mingine, amri ya kutotoka nje ikatangazwa, watu wakauawa. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa kupata karibu asilimia 98, akaapishwa Novemba 3. Baadaye yeye mwenyewe aliwapa pole waliofiwa na kuunda tume ya uchunguzi. Yote hayo yametokea katika nchi ambayo mlango wa mahakama umefungwa ili, tuliambiwa, yasitokee.

Bado nitaulizwa: hukumu ya Maraga iliwasaidia nini, Uhuru si alirudi? Alirudi. Lakini Agosti 2022 tume ya Kenya iliweka kwenye mtandao picha za fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila mtu ajumlishe mwenyewe. Waliweka kwa sababu 2017 majaji waliwaambia kwamba hesabu isiyoonekana haitoshi. Nilimwona fundi simu mmoja pale stendi ya Tarime, Mtanzania, akitafuta kituo cha shule ya msingi ng'ambo, upande wa Kuria Magharibi, anakopigia kura shangazi yake. Akaipata. Akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka ikaonekana sahihi ya wakala, anayemfahamu, mtu wa Kehancha mwenye duka la mbolea. Akanionyesha kwa furaha kama aliyeona picha ya harusi ya ndugu yake. "Mwalimu, ona, wamejumlisha vizuri."

Oktoba 2025, wiki ya uchaguzi wetu, nilimkuta palepale, meza ileile, simu za watu zimepangwa mbele yake. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima. Aliniuliza kama nina habari yoyote. Sikuwa nayo. Akachukua simu yake, akaiwasha, akatazama kioo kwa muda, akaizima, akaendelea kubadilisha chaji ya simu ya mteja.