Ziwa Halipandi Mlima

Basi la kutoka Mwanza likishaipita Kisesa na kuanza kuitafuta Magu, Ziwa Victoria hujitokeza upande wa kushoto, na hapo hakosekani abiria wa kulisema lile neno: "Maji yote haya, halafu watu wanalia njaa! Uvivu tu." Nimelisikia kwenye kampeni, kwenye vikao vya harusi, na zaidi ya mara moja kutoka kwa kiongozi aliyeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi. Mara ya mwisho alilisema kijana mmoja mwenye miwani ya jua. Mama mmoja, mayu kwa Kisukuma, aliyekaa mbele yake, kuku kampakata, akageuka na kumuuliza kwa upole: "Mwanangu, kwako Mwanza unakaa wapi?" Kijana akataja mtaa mmoja wa mlimani. "Na bomba linatoka kila siku?"

Basi zima lilicheka. Kijana naye akacheka, na kwa hilo namsifu.

Swali la mayu lingetosha kuizika hoja, lakini hoja hii ina roho ya paka. Tuongeze udongo.

Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nalo liko bondeni. Maana yake kila shamba linalolitazama liko juu yake. Eka moja ya mahindi yanayochanua hunywa, jua likiwa kali, maji ya milimita tano hivi kwa siku. Hizo ni lita 20,000. Kwa ndoo zetu za lita 20 ni ndoo elfu moja, kwa eka moja, kwa siku moja, na kesho unaanza upya. Wa ufukweni mwenye bustani ya nyanya na pampu ya petroli anaweza, kwa robo eka, akiomba bei ya nyanya isianguke kabla hajalipa deni la mafuta. Lakini wa Ngudu, kule Kwimba, ambaye ziwa hulisikia kwenye taarifa ya habari kama wewe unavyolisikia, atazipandishaje ndoo hizo elfu?

"Mbona maji yamefika Kahama na Shinyanga?" Yamefika, tangu 2009, kutoka chanzo cha Ihelele kule Misungwi, na ni kazi ya kujivunia. Ni maji ya kunywa, yaliyosafishwa, yanayosukumwa kwa umeme na kulipiwa bili. Anayeyamwagilia mahindi atavuna hasara yenye mabua marefu.

Wapo wanaojua zaidi kidogo, nao huwasingizia Wamisri. Ni kweli, makubaliano ya 1929 kati ya Misri na Uingereza yalitaka Cairo iridhie kabla ya yeyote kujenga mitambo ya umwagiliaji kwenye maji haya. Lakini Nyerere aliyakataa tangu 1962, na mkataba mpya wa bonde la Nile, ambao Tanzania imo, ulianza kutumika Oktoba 13, 2024. Asubuhi iliyofuata hakuna eka ya Kwimba iliyoamka imelowa. Kinachokosekana ni fedha ya kuyanyanyua maji, na mtu wa kuibeba hasara mashine ikiharibika katikati ya msimu.

Hata huyo wa ufukweni hana raha. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingoni shughuli za kudumu na zile za kuharibu mazingira. Siipingi, ziwa likijaa tope na dawa za nyanya tutalia sote. Ila tusimtume mtu akalime majini kwa mdomo mmoja na kumfukuza huko kwa mwingine. Na ziwa lenyewe halina adabu ya bomba: 2020 lilipanda hadi kufikia rekodi ya miaka ya 1960, likaingia majumbani na bustanini. Mwaka ule walioyafuata maji, maji yaliwafuata wao.

Na huyo anayeitwa mvivu? Mtazame anavyoigawa ardhi yake kwa mteremko. Juu, kwenye luseni, kichanga chepesi, anaweka mihogo, karanga na viazi. Chini kidogo, kwenye itogolo lisilopitisha maji, anainua kingo za udongo na kupata majaruba ya mpunga, yanayoishi kwa maji yanayoteremka kutoka juu. Mbugani, kwenye udongo mweusi, anaweza kupanda dengu mvua zikiisha, zikaota kwa unyevu uliobaki. Mvua ikigoma, si mazao yote yanayokufa pamoja. Viazi vya ziada hukatwa vipande, huanikwa juu ya majabali, vikageuka michembe ya kungojea miezi mibaya. Ng'ombe wanaodharauliwa vikaoni ndio akaunti ya ada na hospitali. Benki ikigawa fedha zake hivyo, tunaisifu kwa busara. Mkulima akifanya hivyo, anaambiwa analima kwa kubahatisha, atoe mchanganyiko, ajaze pamba.

Basi akaijaza. 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na watu wakakaa wakisubiri fedha ya pamba waliyokwisha kuivuna. Miaka miwili kabla, mahindi yalizuiwa kuuzwa nje, na aliyekuwa na ziada akaitazama ikipoteza thamani stoo. Ukame wa aina hiyo hautoki mawinguni, wala pampu haiutibu.

Kinachoniudhi zaidi katika neno hili la basini ni kwamba linatugeuza shingo tutazame kusiko. Milimita 800 za mvua kwa mwaka, kwenye eka moja, ni zaidi ya lita milioni tatu. Hizo zimeshapanda mlima zenyewe, bila petroli wala mkataba na Misri. Tatizo zinakuja kwa fujo: siku mbili za gharika, kisha wiki tatu za jua. Nyingi hukimbia na udongo wetu hadi ziwani, lile lile tunaloambiwa tukachote. Ningekuwa mgawa bajeti, ningeanza na malambo. Sisemi mapya tu ya kukatia utepe, hata ya zamani yaliyojaa tope. Lipo moja ninalolijua ambapo ng'ombe husimama katikati kabisa na maji hayavuki magoti. Linahitaji katapila kwa siku kadhaa. Kila msimu wa kampeni linaahidiwa.

Mayu alishuka kabla ya Magu mjini. Kijana alimsaidia kushusha kifurushi, akamuaga kwa heshima. Basi lilipoondoka nilimwona dirishani: kuku kwapani, kifurushi kichwani, amelipa ziwa mgongo, anapanda.