Kariakoo na Malungu: Makumbusho na Mchakato wa Usanifu

Makumbusho yamezoea mno kuonyesha jengo kwa picha yake lilipokwisha kukamilika. Mtazamaji huona paa na nguzo. Haoni mistari iliyofutwa. Kwa msanifu wa usasa kama Beda Amuli, aliyelisanifu Soko Kuu la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, upungufu huo ni mkubwa, kwani sanaa yake imo katika namna ya kutatua tatizo: kivuli kipana kipatikaneje, na maji ya mvua yaende wapi? Miavuli ya zege ya Kariakoo hujibu maswali yote mawili, maana hutoa kivuli na papo hapo huyakinga maji na kuyateremsha chini. Anayeonyeshwa picha ya paa pekee hudhani ni pambo.

Nyanda za juu za Ufipa zinadhihirisha hasara ya mtindo huo. Huko Wafipa walijenga malungu, matanuru ya udongo yaliyompita mtu kimo, yaliyojivutia hewa kwa mirija ya chini pasipo mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, ambamo mivukuto ilitumika, ndipo kikafika kwa mhunzi. Baadhi ya magofu yangaliko, pamoja na mavi ya chuma. Hata hivyo, gofu halimwambii mtu kwamba tanuru lilihesabiwa kuwa bibi harusi, wala kwamba dawa zilifukiwa ndani yake. Hayo yanajulikana kwa kuwa wazee waliulizwa, na watafiti kama Bertram Mapunda (1995) na Randi Barndon (2004) wakaandika.

Amuli alifariki mwaka 2016, na Julai 2021 soko lake likaungua. Kwa hiyo dai kwamba michoro ya awali ni karatasi za ofisi tu, zisizostahili makumbusho, halina mashiko.

Maonyesho ya kazi yake yangefaa yafike pia Sumbawanga, mchoro wa Kariakoo ukae kando ya ilungu. Kijana wa Kizwite, aliyekwisha kuona tanuru la matofali likipangwa na kuwashwa, angeuelewa mchoro huo upesi kuliko wengi wanaodhaniwa kuwa ndio wenye makumbusho. Maelezo ya ukutani nayo yaandikwe kwa Kiswahili cha mafundi: kukinga maji, kuvukuta, mavi ya chuma. Maneno hayo yapo tayari, hayangoji kamati ya istilahi.