Gramu 20 za karatasini si gramu 20 za tumboni

VIPANDE vya protini, vile vinavyofanana na chokoleti na kufungwa kwenye karatasi ing'aayo, vimekwishatoka katika mikoba ya wakimbiaji na wanyanyua vyuma na kuingia kwenye rafu za maduka ya kawaida. Makampuni makubwa ya chakula duniani yameithibitisha biashara hiyo kwa fedha taslimu. Nestlé iliinunua PowerBar mwaka 2000 kwa dola za Marekani milioni 375. Kellogg ililipa dola milioni 600 kwa RXBAR mwaka 2017. Mwaka 2019 Quest ilikwenda kwa dola bilioni 1, na mwaka 2022 Mondelez ikatoa dola bilioni 2.9 kuichukua Clif Bar.

Fedha za kiasi hicho huwavuta waagizaji wa bidhaa, na hata wasindikaji wadogo wenye mashine moja ya kusaga karanga. Hata hivyo, kabla mtaji haujaingia kwenye katoni, kuna namba moja ambayo mfanyabiashara anapaswa kuielewa. Ni ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya pakiti: protini gramu 20.

Namba hiyo kwa kawaida haitokani na kupima protini yenyewe. Njia inayotumika sana katika maabara ilibuniwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Kinachopimwa ni naitrojeni iliyomo katika chakula, kisha jibu huzidishwa kwa 6.25, kwa kuwa protini huwa na naitrojeni kiasi cha asilimia 16. Ni njia nzuri na ya gharama nafuu, lakini haiulizi naitrojeni hiyo imetoka wapi.

Udhaifu huo uliwahi kuleta maafa. Mwaka 2008 nchini China ilibainika kuwa maziwa yaliyoongezwa maji yalitiwa melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, ili yaonekane na protini ya kutosha kwenye vipimo. Watoto sita walikufa na wapatao 300,000 waliugua. Vipimo vilisoma protini mahali ambapo protini haikuwepo.

Katika vipande vya protini hakuna haja ya kufika kwenye sumu ili mnunuzi apunjwe. Inatosha kutumia protini hafifu. Mwili hauhitaji uzito wa protini tu, bali pia asidi amino ambazo hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Wataalamu huipa kila protini alama ya ubora, kutoka sifuri hadi moja. Protini ya yai, na ile inayotolewa kwenye maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, hupata moja kamili. Ya soya iliyochujwa hukaribia hapo. Ya karanga hupata takriban nusu. Kolajeni, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, hupata sifuri kwa sababu haina kabisa asidi iitwayo triptofani.

Viwanda vingi huchanganya. Kolajeni huwekwa pamoja na protini ya maziwa, na jumla yake huandikwa mbele ya pakiti kama kitu kimoja. Kwa wafanyabiashara wa pwani na Visiwani hapo lipo pia swali la asili ya kolajeni hiyo, kwani huweza kutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe. Shehena iliyokwishalipiwa ushuru si mahali pa kuanza kuuliza.

Marekani ina utaratibu ambao mfanyabiashara makini anaweza kuutumia kama mizani. Mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, inataka kila pakiti inayojisifu kwa protini ionyeshe pia, kwenye jedwali la nyuma, asilimia ya mahitaji ya siku baada ya kuzingatia ubora. Mahitaji hayo yamewekwa kuwa gramu 50. Kwa hiyo kipande chenye gramu 20 za protini bora kitasomeka asilimia 40. Kikisomeka asilimia 8, maana yake ni gramu 4 tu zinazohesabika.

Hesabu yake ni rahisi. Ichukuliwe kwa mfano kwamba vipande viwili, kila kimoja kikidai gramu 20, vinauzwa kwa bei moja ya jumla ya sh. 4,000. Cha kwanza kinaonyesha asilimia 40, hivyo kila gramu yenye kazi inagharimu sh. 200. Cha pili kinaonyesha asilimia 8, na kila gramu inagharimu sh. 1,000. Mbele ya pakiti bidhaa hizo ni ndugu. Kwenye daftari la hesabu moja ni ghali mara tano.

Kwa bidhaa za Ulaya mizani hiyo haipo. Huko neno "protini nyingi" huruhusiwa iwapo asilimia 20 ya nishati ya chakula inatokana na protini, bila ubora wake kuguswa. Anayeagiza kutoka huko inambidi asome orodha ya viungo, ambayo hupangwa kwa uzito, kikubwa kikitangulia. Kolajeni au sharubati ikishika nafasi ya kwanza, hayo ndiyo anayoyanunua.

Ghala nalo lina gharama zake. Vipande vya protini ya maziwa hukakamaa kadiri vinavyokaa, na joto huharakisha hali hiyo. Katoni iliyokaa chini ya bati Dar es Salaam au Mombasa inaweza kugeuka jiwe kabla ya tarehe iliyopigwa muhuri. Aidha, aina nyingi zisizo na sukari hutiwa maltitoli, ambayo ikiliwa kwa wingi huharisha. Mteja wa namna hiyo harudi dukani.

Upande wa pili wa soko hili ni msindikaji wa nyumbani. Kipande cha Clif Bar cha gramu 68 hubeba protini kiasi cha gramu 10. Kashata ya karanga yenye uzito wa gramu 60, ikiwa theluthi mbili yake ni karanga, nayo hubeba karibu gramu 10, kwa kuwa karanga ni protini kwa robo ya uzito wake. Theluthi inayobaki, gramu 20, ni sukari, na kiasi hicho si kigeni hata katika vipande vya Marekani. Tofauti kubwa kati ya bidhaa hizo mbili imo kwenye karatasi na jina. Anayetaka kuinua alama ya ubora anaweza kuongeza unga wa soya au maziwa ya unga na kupunguza sukari. Sumukuvu ndiyo inayopaswa kumkosesha usingizi: viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya sehemu 10 katika bilioni kwenye karanga, na mzigo usiochambuliwa wala kukaushwa vizuri huweza kuvuka mpaka huo.

Wapo wanaodai kwamba kulazimisha asilimia ya ubora kwenye pakiti kutawabana wazalishaji wadogo kwa gharama za maabara. Hoja hiyo ina uzito, lakini sharti hilo lingemhusu tu anayejisifu kwa protini mbele ya pakiti. Muuza kashata anayeandika "kashata" hadaiwi kitu. Tena alama za vyakula vya kawaida kama karanga, soya na maziwa zimekwishachapishwa na wataalamu, na hesabu yake ni ya kuzidisha na kujumlisha. Atakayebanwa ni yule anayeuza ngozi iliyosagwa kwa bei ya maziwa.

Tangu mwaka 2019 udhibiti wa chakula Tanzania uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Shirika hilo, pamoja na wenzake wa Kenya na Uganda, lina kila sababu ya kulifanya sharti la asilimia ya ubora kuwa kiwango cha Jumuiya nzima wakati soko hili lingali changa. Kusubiri mpaka rafu zijae ni kuwaachia waagizaji wasio waaminifu wapange bei, na kuwafanya wasindikaji wa karanga na soya washindane na namba isiyo na kitu ndani yake.

Kabla ya hapo, mfanyabiashara hana budi kujilinda mwenyewe. Anayeuza jumla adai kuona jedwali la nyuma na cheti cha maabara kabla ya kutoa malipo ya awali. Mwekezaji mdogo anayeshawishiwa kununua hisa za kiwanda cha vipande hivi aulize protini yake inatoka wapi na alama yake ni ngapi. Mwenye kiwanda asiyeweza kujibu maswali hayo mawili hastahili kukabidhiwa fedha za mtu.